Lokole na Kitabu cha Kumbukumbu

Vitabu vinavyofundisha mbinu za kushika mambo kichwani vinafurahisha sana, na mtu akipewa kimoja kuwa zawadi, kama nilivyopewa mimi, hawezi kukifunga upesi. Mbinu zenyewe ni rahisi. Kunja ngumi, hesabu miezi juu ya vifundo: kila kifundo kina siku 31, kila bonde lina siku 30 ao chini yake. Na sisi tuliosoma kwa Kifaransa, nani hamjui Ornicar? Mtu huyo hayuko, lakini swali la kumtafuta linabeba viunganishi 7, na mwanafunzi hasahau tena.

Vitabu hivyo vinaanza historia yake kwa Wagiriki na Waroma. Mnamo mwaka wa 55 kabla ya Kristo, Cicero aliandika juu ya mbinu ya kuweka kila jambo pahali pake katika mawazo, kama vile katika vyumba vya nyumba. Ni kweli, lakini tusidhani eti akili hiyo ilitoka ng'ambo peke yake. Katika nchi yetu wenyewe, Waluba wa Katanga walikuwa na lukasa, ubao mdogo wa kushika mkononi, wenye shanga na michoro. Mtaalamu wa chama cha Mbudye aligusa shanga kwa kidole, akasimulia wafalme, safari na miiko.

Na kwetu, pande za Kisangani na Aruwimi, kulikuwa lokole. Tarehe 1 Februari 1877, Stanley alipofika mahali Aruwimi unapoingia katika mto Kongo, alipokewa kwa mitumbwi ya vita na mlio wa ngoma. Aliandika baadaye kwamba wenyeji wa mto walipashana habari kwa ngoma hizo. Hakujua namna gani.

Aliyeeleza vizuri ni John Carrington, mmisionari Mbaptisti aliyefika Kongo mwaka wa 1938 na kukaa miaka mingi Yakusu, kati ya Walokele. Alitoa kitabu kwa Kiingereza mwaka wa 1949, na kingine kwa Kifaransa Kinshasa mwaka wa 1974. Lokole ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, kwa kuwa lugha zetu nazo zina sauti hizo. Hapo ndipo shida inapoanza. Katika Kilokele, jina la mwezi, jina la kuku na jina la samaki mmoja yana mlio uleule. Mpigaji atafanya nini? Anarefusha. Mwezi anauita ule unaotazama dunia kutoka juu. Kuku anamwita kadogo kenye kulia kiokio. Basi, msikilizaji hakosei.

Wengi wanafikiri kusaidia kumbukumbu ni kufupisha. Kumbe sivyo. Neno tupu linateleza. Neno lenye picha na mdundo linashika. Ornicar na lokole wanafanya kazi moja: wanaongeza maneno ili kichwa kipate pa kushikia.

Hata mtu alikuwa na jina lake la ngoma: jina lake mwenyewe, la baba yake, na la kijiji cha mama yake. Aliyelijua jina hilo alijua ukoo. Tena baadhi ya maneno ya lokole ni ya zamani sana, hayasemwi tena kinywani. Ngoma ndiyo iliyoyatunza.

Tayari katika kitabu cha 1949, Carrington alisikitika kwamba vijana hawajifunzi tena. Leo telefone imechukua kazi ya kupeleka habari, na hilo si neno baya. Lakini telefone haitunzi jina la kijiji cha mama. Lokole inaweza kuwekwa katika nyumba ya makumbusho, ikapanguswa vumbi kila juma. Kama hakuna mwenye kujua maneno yake, ni gogo tu.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, na hasa walimu: wazee wa Aruwimi na Lindi waulizwe wakingali hai. Maneno yaandikwe pamoja na alama za sauti ya juu na ya chini, maana bila alama hizo hayapigiki. Kisha yaingie katika kalasi. Mtoto anayeweza kushika Ornicar anaweza kushika pia jina la ngoma la babu yake.