Dawa za Virusi Melini: Abiria Walio Hatarini na Saa za Kwanza za Ugonjwa

Februari 2020 meli ya kitalii ya Diamond Princess ilizuiwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Hatimaye 712 kati yao walithibitika kuambukizwa UVIKO-19. Wakati ule hapakuwa na dawa iliyothibitishwa dhidi ya kirusi hicho, na daktari wa meli hakuweza kulaumiwa kwa kukosa kitu ambacho hakikuwapo duniani. Desemba 2021 Marekani iliruhusu matumizi ya dharura ya vidonge vya Paxlovid, na tangu hapo udhuru huo umekwisha. Makala haya yanadai kwamba akiba ya dawa za virusi kwa abiria walio hatarini iwe takwa la kisheria kwa meli za kitalii, na utekelezaji wake upimwe kwa muda unaopita kati ya dalili ya kwanza na kidonge cha kwanza.

Muda ndio kiini cha jambo hili. Oseltamivir, dawa ya homa ya mafua, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zijitokeze. Paxlovid huanzwa ndani ya siku 5. Mtu aliye mjini anaweza kupimwa asubuhi na kupita duka la dawa jioni. Meli inayovuka Atlantiki hukaa siku kadhaa bila kuona bandari, na abiria mwenyewe huchelewa kujitokeza. Hudhani kikohozi kimetokana na kiyoyozi, au huogopa kufungiwa chumbani akakosa matembezi aliyokwisha kuyalipia. Wengine huhofia bili, na hofu hiyo ina msingi: Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, hailipii matibabu ya melini meli ikiwa zaidi ya saa 6 kutoka bandari ya nchi hiyo. Wazee hao ni miongoni mwa wateja wa safari hizi.

Sheria iliyopo haijawafikia. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unataka kila meli iwe na sanduku la dawa, na meli yenye watu 100 au zaidi, katika safari za kimataifa zinazozidi siku tatu, iwe na daktari. Lakini mkataba huo uliandikwa kumlinda baharia. Dawa za abiria zimebaki kwenye miongozo ya kitaalamu na hiari ya kampuni, na mwongozo haumzuii nahodha kung'oa nanga.

Hata dawa ikiwapo kabatini, kumfikia mgonjwa ni kazi nyingine. Dozi ya kawaida ya Paxlovid ni vidonge vitatu, viwili vya nirmatrelvir na kimoja cha ritonavir, asubuhi na jioni kwa siku 5. Figo za mgonjwa zikiwa zimedhoofika kiasi, nirmatrelvir hupunguzwa hadi kidonge kimoja. Ritonavir nayo huzuia ini lisivunje dawa nyingine, hivyo anayemeza simvastatin kwa ajili ya lehemu lazima aisimamishe, na anayetumia amiodarone kwa ajili ya moyo huenda asipewe kabisa. Sasa mfikirie daktari wa meli usiku, mbele ya mama wa miaka 78 mwenye homa, asiyekumbuka majina ya vidonge vyake, na faili lake liko hospitali ya mbali. Bila orodha ya dawa iliyochukuliwa kabla ya safari na kipimo cha figo humo melini, akiba hiyo haimsaidii.

Wapinzani hutaja gharama, na hawakosei. Mwishoni mwa 2023 bei rasmi ya dozi kamili ya Paxlovid nchini Marekani ilikuwa takriban dola 1,400, na dawa isiyotumika huisha muda wake. Hoja yao nzito zaidi ni ya kisayansi. Jaribio la kwanza lilionyesha kupungua kwa kulazwa na vifo kwa takriban asilimia 89, lakini washiriki wake hawakuwa wamechanjwa. Jaribio lililofuata, lililochapishwa 2024, halikuona faida ya wazi kwa watu ambao wengi wao hawakuwa hatarini sana. Uwezo wa oseltamivir kupunguza kulazwa hospitalini nao bado unabishaniwa. Nayakubali matokeo hayo, na ninaona yanaunga mkono hoja hii: hakuna haja ya kumgawia kila abiria. Akiba ikadiriwe kwa idadi ya wazee, wenye kinga dhaifu na wenye maradhi sugu walioorodheshwa kabla ya kupanda. Kampuni inayojua idadi ya sahani zitakazohitajika katika safari ya wiki mbili inaweza kuikokotoa hesabu hiyo.

Mamlaka za bandari zina uwezo wa kuanza hata kabla mkataba haujarekebishwa. Kabla ya kuiruhusu meli ing'oe nanga, zidai kuona akiba ya dawa, vipimo vya haraka, kipimo cha figo na orodha ya abiria walio hatarini. Meli isiyoweza kumpa abiria wa miaka 75 kidonge cha kwanza siku ileile anayopimwa isiruhusiwe kumuuzia tiketi ya kuvuka bahari.