Ulimi Kwanza, Mkono Baadaye: Ngoma za Katanga na Somo la Tabla

Tabla, ngoma ya Kihindi ambayo wapenzi wa taarabu ya Mombasa wanaifahamu vizuri, hufundishwa kwa mdomo. Mwanafunzi huketi mbele ya mwalimu akitamka: dha, dhin, na, tirakita. Kila silabi ina pigo lake, na mzunguko wa tintal wenye mapigo 16 hukaa ulimini kabla ya kushuka vidoleni. Zakir Hussain (1951–2024) alisimulia kwamba alipokuwa mchanga, baba yake, Ustadh Alla Rakha, alimsomea sikioni mapigo ya tabla badala ya dua.

Katanga, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nako kuna ngoma ya kusemwa. Kyondo ya Waluba haina ngozi: ni gogo lililochimbwa kupitia mwanya mwembamba, likatoa sauti mbili, ya juu na ya chini. Kiluba ni lugha ya toni, na toni hizo ndizo mpigaji anazozifuata. John Carrington, mmisionari aliyechunguza ngoma za Walokele karibu na Kisangani, alieleza mwaka 1949 ugumu uliopo: mwezi na kuku, kwa Kilokele, vina toni zilezile. Kwa hiyo mpigaji huongeza sifa: mwezi unaoitazama ardhi, kuku mdogo mwenye kulia. Sifa hizo hazikisiwi. Lazima mtu azipokee kutoka kwa mjuzi.

Wamisionari wengi wa mwanzo waliiweka ngoma nje ya kanisa. Baadaye mambo yakageuka. Mwaka 1937 Padre Anschaire Lamoral aliunda kwaya ya wavulana Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Joseph Kiwele (1912–1961), mtunzi aliyekuwa pia waziri wa elimu wa Katanga iliyojitenga chini ya Moïse Tshombe, akatunga misa iitwayo Missa Katanga. Huko Kamina, Padre Guido Haazen na waimbaji wake wakatoa misa ya Missa Luba ya mwaka 1958, na sehemu yake ya Sanctus ikaingia katika filamu ya Kiingereza ya mwaka 1968, «If....». Ngoma ilipata heshima na masikio ya dunia, ila kazi yake humo ilikuwa kushika mdundo. Kusema hakukuingia kwenye sahani za santuri.

Mwaka 1980 Jos Gansemans alichapisha utafiti wake juu ya ala za Waluba kupitia jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Kazi hiyo ni hazina, lakini kitabu hakimsahihishi kijana anapokosea toni. Mwalimu humsahihisha.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilichoundwa mwaka 1955, kina katika kampasi yake ya Kasapa wasomi wa lugha na vijana waliolelewa katika Kiluba, Kibemba na Kisanga. Wazee wanaojua kuisemesha ngoma waitwe huko wangali hai. Wapewe darasa, wanafunzi na ujira wa mwalimu, na somo lao la kwanza liwe la ulimi.