Namba 200 ilipofika pwani yetu

Simama kando ya barabara pale Raskazone, usubiri bodaboda ipite. Inapokuja, mlio wake ni mwembamba. Ikishakupita tu, unakuwa mzito. Dereva hajagusa gia wala nini. Christian Doppler alieleza kanuni hiyo mwaka 1842, tena alikuwa anawaza rangi za nyota. Miaka mitatu baadaye Mholanzi Buys Ballot akapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni ili ahakikishe.

Sasa badala ya bodaboda weka chembe za damu. Mwaka 1982 Rune Aaslid na wenzake walionyesha kuwa mawimbi ya sauti yanaweza kupenya mfupa mwembamba wa panja, karibu na sikio, yakapima kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo. Hakuna sindano, hakuna kisu. Mshipa ukibana, damu hukimbia zaidi pale palipobana, kama maji ukiziba nusu ya mpira kwa kidole.

Kipimo hiki kikawa mkombozi wa watoto wenye selimundu, maana kiharusi huweza kuwapata wangali wadogo kabisa. Mwaka 1998, huko Marekani, Robert Adams na wenzake walichapisha majibu ya jaribio lao: kwa watoto ambao damu yao ilikimbia sentimita 200 kwa sekunde au zaidi, kuongezewa damu mara kwa mara kulipunguza hatari ya kiharusi cha kwanza kwa asilimia 92. Namba 200 ikawa mpaka.

Je, mpaka huo ni wa watoto wetu pia? Panda na pwani hii hii, vuka Mombasa, ufike Kilifi. Huko Julie Makani, daktari Mtanzania, na wenzake walipima watoto 105 wenye selimundu, wakachapisha mwaka 2009. Watatu walikuwa kati ya 170 na 199. Aliyefika 200 hakuwepo.

Usishangilie bado. Miaka minne baadaye, watoto 10 hawakupatikana. Kati ya 95 waliobaki hakuna aliyekuwa amepata tatizo la ubongo, ila 11 walikuwa wamefariki, na kilichoashiria vifo hivyo ni historia ya homa.

Ukiniuliza, anayesema basi mashine haina kazi huku kwetu amesoma haraka mno. Watoto 105 ni wachache. Halafu, mtoto ambaye kiharusi au homa ilimwondoa mapema, nani angempima?