Kiburu, mbege na ubishi wa "chakula cha asili"

Nilipotea kidogo, nilikuwa nyumbani Uru, huku juu ya mji wa Moshi. Mchaga na Desemba mnatujua: hata asiye na nauli anafika.

Siku ya Krismasi bibi alipakua kiburu, yaani ndizi mbichi zilizopikwa na maharage. Kulikuwa pia na machalari ya nyama, na mbege kwenye kata. Baba mdogo akapiga funda, akajifuta povu, akatangaza: "Hiki ndicho chakula cha asili. Hapa hakuna mkono wa mgeni!" Mimi nilisoma historia chuo kikuu kabla ya kuangukia kwenye magazeti, basi ubishi ukaanzia hapo.

Tuanze na ndizi. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Mmisionari Johannes Rebmann alipofika Uchagani mwaka 1848, babu zetu walikuwa wameshazoea kuishi migombani, lakini mgomba wenyewe ulikuwa mgeni wa siku nyingi. Magimbi nayo yametoka Asia. Maharage na mahindi ni ya Amerika. Yalifika Afrika baada ya Columbus kuvuka Atlantiki mwaka 1492. Wala tusijione peke yetu: hata fufu ya Ghana, ile ya muhogo, inategemea zao lililotoka Amerika ya Kusini.

Kahawa je? Asili yake ni Ethiopia, na huku mlimani ilipandwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Hatukukawia kuifanya yetu: mwaka 1933 wakulima walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU.

Mwenyeji hasa katika karamu ile ni ulezi, nafaka ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kimea chake huchanganywa na ndizi mbivu zilizochemshwa na gome la msesewe la kutia uchungu, ndipo unapata mbege. Zamani wazee waliulima kwa maji ya mfongo, mifereji waliyoichimba wenyewe kutoka kwenye mito ya mlimani. Leo bibi anaununua soko la Mbuyuni, umeletwa na lori kutoka mikoa mingine. Yaani mwenyeji kahama, wageni ndio wamebaki!

"Kwa hiyo hatuna chetu?" baba mdogo akauliza, kanuna.

Tunacho. Kihamba. Mgomba unaupa mbuni kivuli, ng'ombe wa zizini anakula majani na vigogo vya mgomba, samadi yake inarudi shinani, na mfongo unaleta maji. Mpango huo haukuja na jahazi wala na mmisionari. Waliubuni wazee wetu, na akina mama ndio waliougeuza kuwa kiburu na mtori wa mzazi. Mwaka 2011 FAO iliutambua mfumo wa vihamba vya Shimbwe Juu, hapa hapa Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia.

Sasa sikieni. Baada ya kula, wanaume tulikaa kikao kugawa kihamba cha marehemu babu. Hakifiki ekari moja, watoto wa kiume ni wanne, na kila mmoja anataka kujenga. Wa kwanza kupima kwa hatua alikuwa baba mdogo yule yule, akaelekea moja kwa moja kwenye mishare ya bibi. Na aliyeshika kalamu kuandika vipimo ni mimi, msomi wa historia. Sikufungua mdomo. Bibi naye hakusema kitu; alichukua panga akaenda kukata mkungu wa kesho.

Nauliza tu: kwenu vihamba mmegawana vipi? Na kati yenu vijana, nani anaweza kupika kiburu bila kumpigia mama simu? Mimi siwezi.