Povu lililozuia mito, na maji magumu ya Kivu

Sabuni ya mche haielewani na maji ya Ziwa Kivu. Miamba ya volkeno ya Virunga na chemchemi za chini ya ziwa zimeyajaza magnesiamu, na magnesiamu ikikutana na sabuni hugeuka utando usioyeyuka. Ndio ule ukoko wa kijivu unaoganda pembeni mwa beseni huko Gisenyi, Rwanda, povu likigoma kutoka. Sabuni ya unga imeepuka tatizo hilo.

Chanzo cha sabuni ya unga ni uhaba wa mafuta ya kutengenezea sabuni. Mwaka 1917, Ujerumani ikiwa vitani, Fritz Günther wa kampuni ya BASF alitengeneza Nekal kwa naftalini ya makaa ya mawe. Haikufua vizuri. Fewa ya Böhme Fettchemie (1932) na Dreft ya Procter & Gamble (1933) zilifaa nguo laini tu. Nguo chafu hasa zilipata dawa yake mwaka 1946, Tide ilipoingia sokoni Marekani ikiwa na fosfati, inayoyashika madini ya maji magumu yasizuie kazi.

Kiungo kikuu cha sabuni nyingi za unga zilizofuata kilitoka kwenye petroli. Benzini iliunganishwa na mnyororo wa kaboni 12 uliotengenezwa kwa propilini, ikatiwa asidi ya salfuriki, kisha ikapozwa kwa magadi makali. Uji uliopatikana ulinyunyizwa juu ya mnara wenye hewa ya moto, ukafika chini ukiwa chembe kavu.

Propilini ilikuwa rahisi, lakini mnyororo wake una matawi. Bakteria wa majini huukata mnyororo vipande vya kaboni mbilimbili kuanzia mwisho, wakifika kwenye tawi hukwama. Sabuni ikabaki mitoni. Katika kiangazi kikavu cha 1959 povu lilijaa kwenye malango ya meli ya mto Neckar, Ujerumani, likipanda kama theluji. Uingereza ilikuwa imeunda kamati ya kuchunguza jambo hilo tangu 1953, maana mitambo ya majitaka ilikuwa ikifunikwa na povu. Bunge la Ujerumani Magharibi lilichoka kusubiri: sheria ilipitishwa 1961, na kuanzia Oktoba 1964 viungo vikuu vya sabuni vilitakiwa kuoza kwa asilimia 80. Viwanda vikahamia kwenye mnyororo ulionyooka. Watengenezaji wa Marekani walifuata 1965. Kwa hiyo ugunduzi uliosafisha mito ulisukumwa zaidi na sheria kuliko na maabara.

Fosfati nayo ilishambuliwa baadaye kwa kurutubisha mwani, na madini ya zeolaiti yakachukua nafasi yake katika nchi nyingi.

Kwa Kivu, ushindi wa 1964 haujakamilika. Mnyororo ulionyooka huoza haraka penye oksijeni, lakini pasipo oksijeni hauozi kwa urahisi, na maji ya Kivu hayana oksijeni kuanzia takriban mita 60 kwenda chini, katika ziwa lenye kina cha mita 480 hivi. Sehemu kubwa ya sabuni huozea juu. Inayonata kwenye tope na kuzama hubaki. Rwanda, nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, ingeweza kudai kila pakiti itaje waziwazi kiasi cha fosfati na aina ya kiungo kikuu. Harufu ya limau mnunuzi ataigundua mwenyewe.