Udongo wa fedha: mbinu za kina kwa mafundi wetu wa Kitale na Bungoma

Makala ya leo nawaandikia hasa ndugu zetu wa pwani waliohamia bara, na yeyote mwingine mwenye hamu na kazi ya mapambo. Katika safari zangu za Kitale na Bungoma nimekutana na kina dada wa kwetu walioolewa huko, ambao wanatengeneza pete na vipuli kwa udongo wa fedha wanaouagiza ng'ambo. Hatua za mwanzo wanazijua. Wanachokosa ni mtu wa kuwajibu pale pete inapokataa kuingia kidoleni au kipuli kinapopasuka motoni. Udongo huu ni ghali, na pakiti moja ikiharibika faida ya kazi nyingi imekwenda. Nimewaahidi kuyaandika haya pamoja ili wayaweke wayarejee.

Udongo huu ni kitu gani

Si udongo wa mtoni. Ni chembechembe laini mno za fedha safi zilizochanganywa na maji na gundi inayoungua. Ulibuniwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990 na mtaalamu wa madini Masaki Morikawa, katika kampuni ya Mitsubishi Materials. Unaufinyanga kama unga wa chapati, unaukausha, kisha unauchoma. Gundi huungua, chembe hushikamana, na kinachobaki ni fedha tupu ya 999 kwa elfu.

Masonara wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja walikwenda njia nyingine. Wao waliyeyusha fedha, wakaisubu na kuifua. Wengi waliyeyusha reale za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780, ambazo fedha yake ni 833 kwa elfu na zilizobaki ni shaba. Shaba ile huipa fedha ugumu. Fedha ya udongo ni safi zaidi, lakini ni laini na ina vitundu vidogo ndani yake. Fundi asiyejua tofauti hiyo atauza pete itakayopinda mwezi wa kwanza.

Kusinyaa na kipimo cha pete

Udongo wa aina ya kwanza ulisinyaa kiasi cha robo au zaidi. Aina nyingi za sasa husinyaa kati ya asilimia 8 na 15. Soma pakiti yako kwanza.

Hesabu yake ni kugawanya, si kuongeza. Tuseme mteja anataka pete yenye mzunguko wa ndani wa milimita 54, na udongo wako husinyaa kwa asilimia 10. Gawanya 54 kwa 0.9, upate 60. Ukiongeza asilimia 10 juu ya 54 utapata 59.4, na pete itabana. Wakati wa kuchoma, tia ndani ya pete kipande cha duara kisichoungua chenye kipimo cha mwisho, ili isinyae mpaka hapo isipite.

Kukausha

Wazee walisema udongo uwahi ungali maji, na ndivyo ilivyo kwa kufinyanga. Kwa kuchoma ni kinyume chake, lazima ukauke kabisa. Maji yakibaki ndani hugeuka mvuke na kukipasua kipande. Kitale iko juu, kiasi cha mita 1,900, na miezi ya mvua hewa ni baridi na nzito, kwa hivyo usitegemee jua. Kausha juu ya joto dogo, kisha weka kipande kikiwa bado na joto juu ya kioo kikavu. Kioo kikipata ukungu, bado.

Kikikauka, ndipo upige tupa na msasa, kwani kasoro huondoka kwa urahisi sasa kuliko baada ya moto. Vumbi usilimwage, likichanganywa na maji huwa uji wa kuunganishia na kuzibia nyufa. Paka mikono mafuta ya zeituni kidogo udongo usigande. Na usiutandaze juu ya sinia au mfuniko wa sufuria ya alumini, kwani alumini huuharibu.

Nakshi ya bomba la sindano

Hii ndiyo mbinu ambayo dada zetu wataimiliki upesi, kwa sababu mkono wao tayari unaijua. Udongo mwepesi hutiwa katika bomba la sindano na kutolewa kama uzi, vile vile koni ya hina inavyotumika. Ncha isiguse kazi. Inue kidogo, uache uzi uanguke wenyewe kwenye mchoro. Lowesha kwanza mahali utakapoanguka, na miisho ya nyuzi uikandamize kwa brashi yenye maji. Kwa njia hii maua na mizabibu ya pwani yaweza kukaa juu ya fedha bila kuunga waya mmoja mmoja kwa lihamu.

Jani na kitu chenye uwazi ndani

Kwa jani, chagua lenye mishipa iliyojitokeza upande wa chini. Lipake uji upande huo tabaka kumi au zaidi, kila tabaka likauke kabla ya jingine. Jani litaungua, mishipa yake itabaki kwenye fedha.

Kwa shanga nene yenye uwazi, tumia kiini kinachoungua chote, kama unga wa koki uliofinyangwa. Acha tundu la kutolea moshi, na uchome ndani ya tanuri kwa joto linalopanda polepole. Moto wa ghafla utakipasua. Fungua madirisha, moshi wake si wa kuvuta.

Moto

Fedha safi huyeyuka kwa nyuzi 961 za Selsiasi. Udongo wa moto mdogo waweza kuchomwa kwa bomba la gesi juu ya tofali la kuhimili moto, ikiwa kipande hakizidi gramu 25 hivi. Fanya kazi mahali penye giza kidogo ili uione rangi. Kwanza utaona moshi na ndimi ndogo za moto, hiyo ni gundi. Kisha kipande huwa cheupe, halafu hung'aa rangi ya chungwa iliyopauka. Hapo ndipo uanze kuhesabu: dakika 2 kwa kipande kidogo, hadi 5 kwa kikubwa. Ukiona uso unameremeta kama zebaki, ondoa moto mara moja, kinataka kuyeyuka.

Jiko la makaa silipendekezi. Likipulizwa, joto lake huweza kupita 961 bila wewe kujua. Kwa pete na kila kitu cha kuvaliwa kila siku, tumia tanuri la umeme, nyuzi 900 kwa saa 2, ndipo kipande hupata nguvu yake yote. Umeme ukikatika katikati usikate tamaa. Kilichochomwa pungufu huchomwa tena.

Vito na dhahabu

Lulu, marijani, kaharabu na feruzi havistahimili moto huu. Hata tsavorite ya Taita Taveta ni heri usiijaribu. Jenga kwanza ukingo wa waya wa fedha safi ya 999, choma, kisha ndipo uweke kito na kuukunja ukingo. Usitumie waya wa 925 ndani ya kazi itakayochomwa kwa nyuzi 900, kwani hubadilika ukawa wa kukatika.

Wakorea wana ufundi wa kubandika jani jembamba la dhahabu ya karati 24 juu ya fedha safi bila gundi wala lihamu. Kipande hupashwa moto juu ya bamba la chuma hadi kiasi cha nyuzi 350, kisha dhahabu husuguliwa kwa akiki mpaka ishike. Kwa kipuli hupendeza sana. Kwa pete ya mwanamume Mwislamu usiitie, maana yeye anatafuta fedha kwa sababu dhahabu hairuhusiwi kwake.

Hapa nawaonya ndugu wa Kitale. West Pokot iko jirani, na watu huchekecha dhahabu mitoni. Dhahabu ile ghafi haifanyi kazi ya jani hili, na iliyokamatwa kwa zebaki ukiipasha moto hutoa mvuke wa sumu unaodhuru ubongo na figo. Tena biashara ya madini ina leseni yake chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016. Nunua jani lililosafishwa tayari.

Kumalizia na kuuza

Kipande kikitoka motoni huwa cheupe kama chokaa. Usiogope, kisugue kwa brashi ya shaba. Ukitaka nakshi iwe nyeusi, kifungie ndani ya mfuko pamoja na yai lililochemshwa na kukatwa, kiini chake kitafanya kazi.

Pima uzito baada ya kuchoma, si kwa uzito wa pakiti, kwani pakiti ina maji na gundi. Mwambie mnunuzi wazi kama ni 999 au 925. Mteja wa soko la Bungoma hana chombo cha kupimia, anachoshika ni neno lako.

Rai yangu ni moja. Tanuri moja la umeme ni zito kwa fundi mmoja, lakini kikundi cha watano huko Kitale na wengine Bungoma wanaweza kulinunua kwa shirika. Na kabla ya hapo, wakija likizo pwani, wakae siku mbili na sonara mmoja mzee wajifunze kutia lihamu na kufua waya. Ndoano ya kipuli na pini ya broshi huvunjika zikifinyangwa kwa udongo. Hizo lazima ziwe za waya uliofuliwa. Masonara wanaojua kazi hiyo wanapungua, na vijana wao wengi wameshahamia kuuza mikufu ya kuagizwa.