Sauti bora hupimwa kwa sikio, si kwa macho

BEI za mitambo ya muziki hutofautiana kama mbingu na ardhi. Redio ya kawaida ya sebuleni hununuliwa kwa maelfu ya shilingi, ilhali amplifaya na spika za hali ya juu huweza kumgharimu mwenyewe mamilioni. Swali ambalo mnunuzi hana budi kujiuliza ni iwapo tofauti hiyo ya bei husikika masikioni.

Mnamo 1994, watafiti Floyd Toole na Sean Olive wa kampuni ya Harman nchini Marekani waliwataka wasikilizaji 40 walinganishe aina nne za spika. Zilipokuwa mbele ya macho yao, spika kubwa za bei ghali zilisifiwa na zile ndogo za bei nafuu zikashushwa alama. Zilipofichwa nyuma ya pazia, pengo hilo lilipungua.

Sikio nalo hughilibika. Kati ya mitambo miwili, ule unaovuma zaidi kidogo hudhaniwa kuwa bora, hata tofauti ikiwa ya desibeli moja tu. Kwa hivyo, sharti yote ichezwe kwa kiwango kimoja cha sauti. Idadi ya wati iliyoandikwa kwenye kasha pia isimhadae mtu: kuongeza nguvu maradufu huzidisha sauti kwa desibeli 3 pekee, na huhitajika nguvu mara kumi ili isikike kana kwamba imeongezeka maradufu.

Fedha hufaa zaidi zikitumiwa kununua spika kuliko nyaya za kifahari. Spika hafifu huvimbisha besi hadi ikafunika maneno ya mwimbaji. Iliyo bora huipa kila ala nafasi yake. Chumba nacho huathiri sauti. Kuta tupu na sakafu ya vigae huzua mwangwi, ambao zulia na mapazia mazito huupunguza. Spika iliyosukumwa pembeni mwa chumba huzidisha besi kupita kiasi.

Anayekwenda dukani heri abebe wimbo anaoufahamu vyema, asikilize kwanza sauti ya binadamu, ambayo kila sikio huijua, kisha amwombe mwenzake abadilishe mitambo bila kumwambia ni upi unaocheza. Asipotambua tofauti, hana sababu ya kuilipia. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.